Zamu ya kwanza au ya pili? Maswali ya wazazi wanaosafiri na watoto kwa meli ya kitalii

Barua za mara hii zote zinahusu jambo moja: saa ya chakula cha usiku melini, ambacho mgahawani huliwa kwa zamu mbili, ya mapema na ya baadaye. Saa tulizoandika hapa ni za Kiswahili, na ni saa za huko melini. Tiketi ikisema 8:15 PM au 20:15, sisi tunasema saa 2:15 usiku.

SWALI: Tunaishi Minneapolis, watoto wetu wana miaka 4 na 7. Mwezi wa saba tunapanda meli ya Disney kutoka Port Canaveral, Florida, kwenda Bahamas kwa siku nne. Tumepangiwa zamu ya pili ya chakula, saa 2:15 usiku. Nyumbani mdogo hulala saa 2:30. Dada yangu anasema nihamie zamu ya kwanza haraka kabla haijajaa. Nihame?
Mama wa wawili

JIBU: Usihame, mama. Anza kwa kuhesabu saa. Minneapolis iko nyuma ya Florida kwa saa moja, kwa hiyo saa 2:15 ya melini, mwili wa mwanao unajua ni saa 1:15. Hiyo ni saa yake ya kawaida ya kula. Zamu ya kwanza huwa saa 11:45 jioni, ambayo kwake ni saa 10:45. Atafika mezani nywele bado mbichi za bwawa, tumbo limejaa aiskrimu, na ataiangalia sahani tu.

Zamu ya pili itakwenda vizuri ukiipanga tangu mchana. Mdogo alale kati ya saa 8:30 na saa 10 alasiri, hata kama anasema hana usingizi. Funga pazia, zima televisheni, mkubwa aende na baba. Saa 10:30 mpe kitu cha kumshikilia: ndizi, nusu sandwichi, glasi ya maziwa. Pizza na chipsi za pembeni ya bwawa ziepuke saa hizo. Hazilipiwi na ziko hatua chache tu kutoka majini, kwa hiyo mtoto huzirudia mara tatu bila mtu kuhesabu. Baada ya saa 11:30 asile kitu kizito.

Kwa wa zamu ya pili, onyesho la ukumbini hutangulia chakula, kwa kawaida kama saa 12:15 jioni, na huisha saa 1 na ushee. Hapo inabaki takriban saa moja kabla ya kuketi mezani, na ndipo jioni nyingi zinapoharibika. Mtoto amekaa gizani kwenye kiyoyozi kwa muda mrefu na macho yameshaanza kulegea. Mkirudi kabini na kuwasha katuni, atalala ndani ya dakika kumi. Ukimwamsha baada ya nusu saa atalia mpaka kwenye kitindamlo. Msirudi kabini. Pandeni sitaha ya wazi, apigwe na upepo, atembee, anawe uso, anywe maji. Beba sweta, maana migahawa ya melini ina baridi kuliko nje.

Mezani fikeni saa 2:15 kamili. Mhudumu ana meza kadhaa na hupeleka oda jikoni kwa mkupuo. Ukichelewa robo saa, chakula chako kinasubiri mkupuo unaofuata. Mkishaketi tu, mwambie: "Chakula cha watoto kije pamoja na vianzio vyetu." Mlo mzima huchukua saa moja na nusu au zaidi, na mtoto wa miaka 4 hana subira ya kungoja hatua zote tatu. Kwenye meli za Disney mnazunguka migahawa mitatu lakini wahudumu wenu huhama nanyi, kwa hiyo ukisema usiku wa kwanza, usiku wa pili watakuwa wanajua wenyewe.

Kuna jambo jingine linalotufanya tuipende zamu ya pili kwa umri wa wanao. Disney wana utaratibu unaoitwa Dine and Play, ambao ni wa zamu ya pili tu. Watoto huletewa chakula mapema, na baada ya kama dakika 45 walezi wa klabu ya watoto huja mgahawani kuwachukua, nanyi mkamalizia mlo wenu kwa utulivu. Masharti yake ni haya. Mtoto awe na angalau miaka 3 na awe ameshaacha nepi, na awe ameandikishwa klabu. Kamilisheni hilo siku ya kupanda, mchana, foleni ikiwa bado fupi. Jioni mkiketi, mkumbusheni mhudumu kwamba watoto wanakwenda klabu.

Ikitokea usiku mmoja mdogo ameshindwa kabisa, mzazi mmoja abaki naye kabini na kuagiza chakula cha chumbani. Disney hawakitozi, unatoa bakshishi tu. Kwenye meli nyingi nyingine bafe huwa wazi jioni, ila kwa Disney usiitegemee. Pigia simu huduma ya chumbani.

SWALI: Assalaam alaykum. Sisi ni familia ya Muscat, watoto watatu wa miaka 5, 8 na 11. Julai tunapandia meli Barcelona, safari ya siku saba ya Mediterania. Tumepewa kuchagua saa 12:45 jioni au saa 3:15 usiku. Kwetu Oman tumezoea kula usiku, kwa hiyo mume wangu anataka ya pili. Na sala ya Magharibi tutaipangaje?
Umm Salim

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Mazoea ya mumeo yenyewe ndiyo yanayotufanya tuseme chukueni zamu ya kwanza. Kiangazi Hispania iko nyuma ya Oman kwa saa mbili. Saa 12:45 ya Barcelona ni saa 2:45 usiku Muscat, ambayo ndiyo saa yenu ya kula. Saa 3:15 ya huko ni saa 5:15 usiku ya kwenu; wa miaka 5 atalala juu ya sahani usiku wa kwanza na wa pili, na wa tatu atakuwa amechoka kwa hizo mbili. Meli zinazosafiri Mediterania hupanga zamu zake kwa kuchelewa kuliko zile za Karibi, kwa sababu Wahispania na Waitaliano wenyewe hula usiku. Yaani "zamu ya kwanza" ya huku si mapema kama jina linavyodai.

Kuhusu Magharibi: mwanzoni mwa Julai jua la Barcelona linazama karibu saa 3:30 usiku. Zamu ya pili ingewakuta ndiyo kwanza mmeketi mezani. Lakini jua halizami saa ileile safari nzima. Meli ikienda mashariki, Napoli linazama kama saa 2:35. Mkila zamu ya kwanza mnamaliza karibu saa 2:15, na bandari zote hizo mnakuwa mmeshanawa na kurudi kabini kabla ya wakati kuingia. Chukueni ratiba ya sala ya kila bandari kabla ya kuondoka nyumbani, mtandao wa melini ni wa kulipia.

Siku moja zamu ya kwanza itawabana, nayo ni siku ya Roma. Meli hutia nanga Civitavecchia, na treni hadi Roma ni kama saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Meli nyingi huondoka hapo jioni kama saa 1, na abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa kabla au zaidi. Kutoka lango la meli hadi mezani mkiwa na vumbi la Colosseum miguuni haiwezekani. Siku hiyo achaneni na mgahawa, ogeni kwanza, kisha mwende bafe. Hakuna anayewadai maelezo, ingawa ni ustaarabu kumwambia mhudumu jana yake ili asiwaandalie meza bure.

Halali iombeni kwa maandishi wakati wa kulipia au wiki kadhaa kabla ya safari, halafu siku ya kupanda mkutane na mkuu wa mgahawa ana kwa ana. Swali la "kuna nguruwe?" halitoshi. Ulizeni kama mchuzi umetiwa mvinyo, maana jiko la Ulaya hutia mvinyo hata kwenye mchuzi wa samaki, na ulizeni kama kitindamlo kina jelatini, kigandishi ambacho mara nyingi hutokana na nguruwe. Panakota na vitu laini vinavyotetemeka kwenye glasi mara nyingi vinayo. Watoto wakikosa cha kula, samaki wa kuokwa na wali mweupe havikosekani jikoni. Haviko kwenye menyu ya watoto, lakini ukiomba utaletewa.

SWALI: Natoka Mombasa na mke wangu na watoto wa mwaka mmoja na nusu na miaka 5. Agosti tunasafiri kwa ndege hadi Miami, na kesho yake tunapanda meli ya siku saba. Rafiki anatuambia zamu ya pili ndiyo ya kistaarabu, ya kwanza ni vurugu ya watoto. Mnasemaje?
Baba wa Mombasa

JIBU: Ndugu, kwenu zamu ya pili itakuwa adhabu. Agosti Miami iko nyuma ya Mombasa kwa saa saba. Saa 2:15 usiku ya Miami ni saa 9:15 ya alfajiri Mombasa. Hata zamu ya kwanza, saa 11:45 jioni, kwa mwili wa wanao ni saa 6:45 usiku. Mwili wa binadamu huhama kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Mtakapozoea kabisa, meli itakuwa inarudi bandarini.

Kama bado mnaweza, fikeni Miami siku mbili au tatu kabla. Kama haiwezekani, ombeni utaratibu wa saa huria, ambao mnakula wakati wowote mgahawa ukiwa wazi, au chukueni zamu ya kwanza na kuihesabu kuwa ni ya nyongeza tu. Mlo wenu mkubwa siku tatu za mwanzo uwe wa mchana, watoto wakiwa macho na wana njaa ya kweli. Jioni uji wa shayiri, mtindi au wali kidogo unatosha.

Jiandaeni kwa usiku. Wataamka saa 8 au saa 9 usiku wakidai chakula, na hilo si utundu, ni asubuhi ya Mombasa. Kabla hamjalala pitieni bafe mchukue pakiti mbili za nafaka, ndizi na maziwa ya pakiti. Muulizeni mhudumu wa kabini kama kijokofu kina baridi kamili ya friji au kinapoza kidogo tu. Vingi vinapoza kidogo tu, kwa hiyo maziwa yaliyofunguliwa yamwageni asubuhi. Matunda hayo msishuke nayo bandarini, forodha za visiwani na za Marekani hutoza faini.

Kwa mdogo, jueni mapema kwamba klabu za bure kwenye meli nyingi hupokea watoto kuanzia miaka 3 walioacha nepi. Meli chache zina chumba cha wachanga, lakini hulipiwa kwa saa na nafasi ni haba, huisha kwa watu waliozishika kabla ya safari. Kiti kirefu cha mtoto kiombeni kwenye fomu ya tiketi ili kikae mezani kwenu siku zote.

Na angalieni simu zenu. Meli ikitia nanga Cozumel, Meksiko, wakati wa kiangazi, bandari iko nyuma ya Miami kwa saa moja na simu hujibadilisha yenyewe, ilhali meli mara nyingi hubaki na saa yake. Zimeni badiliko hilo la simu na vaeni saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli. Kukosa chakula si neno, kuachwa na meli ndiyo balaa.

SWALI: Tuko Toronto. Sisi na familia ya shemeji tumekata tiketi mbali mbali. Wao wamepata zamu ya kwanza, sisi ya pili, na mfumo unasema ya kwanza imejaa. Tufanyeje tule pamoja?
Shangazi

JIBU: Pigeni simu kwa kampuni au wakala na mtoe namba zote mbili za tiketi ziunganishwe. Tiketi zisizounganishwa hupangiwa meza kivyake hata zamu ikiwa moja. Ombeni kuingizwa kwenye orodha ya kusubiri, kisha muulizeni upande wa pili pia: pengine ni rahisi shemeji kuja kwenu kuliko ninyi kwenda kwao.

Ikishindikana, siku ya kupanda mkuu wa mgahawa hukaa mahali maalumu mchana kushughulikia mabadiliko. Mahali na saa huandikwa kwenye apu ya meli au gazeti la siku. Fikeni mwanzoni kabisa mwa muda huo kabla hamjaenda kula mchana, maana nafasi za wasiotokea hugawiwa kwa anayefika. Mwambieni idadi ya watu na umri wa kila mtoto. Meza ya watu kumi ni ngumu kupatikana. Mkikubali meza mbili zilizopakana, mmerahisisha kazi yake na mtajibiwa siku hiyohiyo.