Mvulana ana alama 9, msichana ana 5: nimshughulikie nani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari moja wilayani Tandahimba. Msimu huu wa mabibo niliwapa wanafunzi wawili wa kidato cha tatu dodoso la pombe la AUDIT, lile la maswali 10. Mvulana, mgomvi na mtoro, amepata 9. Msichana, mpole asiye na kesi yoyote, amepata 5. Nimesoma kuwa hatari huanzia 8. Je, msichana nimwache?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usimwache. Tena uongee naye wiki hii hii.

Hiyo 8 iliwekwa kwa kupima watu wazima. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri 7 kwa wanawake, kwa kuwa mwili wa kike una maji machache na kikombe kilekile huwapandishia pombe zaidi kwenye damu. Kwa vijana, tafiti nyingi zimeshusha mstari chini ya 8. Kwa binti wa kidato cha tatu, 5 ni nyingi.

Sasa zitazame karatasi zenyewe, swali kwa swali. Swali la 9 linauliza kama kuna mtu aliyeumia kwa sababu ya unywaji wako, na la 10 kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kukukanya. Kila moja hutoa 0, 2 au 4. Kijana anayekunywa uraka, pombe ya mabibo, hadharani chini ya mikorosho, akapigana, mjomba akamgombeza, anaweza kuchuma 8 hapo tu. Binti anayejichotea kimyakimya kwenye ndoo ya uraka wa nyumbani hakanywi na mtu, maana hakuna anayejua. Sifuri yake ya swali la 10 ni ya usiri. Kama alama zake zimetoka swali la 7, la kujutia unywaji, mimi zingenitia wasiwasi zaidi.

Vipimo navyo vina mtego. AUDIT inahesabu vinywaji vya kipimo maalumu, lakini uraka wa leo asubuhi si sawa na wa juzi, na gongo ni jambo jingine kabisa. Uliza kikombe gani, kimekaa siku ngapi, mlikunywa wangapi.

Kwa kawaida shida za wavulana hutokea nje: ngumi, utoro, ubishi. Za wasichana mara nyingi huingia ndani: huzuni, hofu, tumbo na kichwa visivyo na ugonjwa. Shule huziona za nje kwanza. Lakini usiufanye huo ukuta. Huyo mgomvi wako huenda halali usiku, ila tangu atoke jando ameambiwa mwanaume halii. Ndiyo maana nakushauri uongeze dodoso la SDQ, lenye sentensi 25 zinazogusa hisia, tabia, utulivu, marafiki na utu wema. Jaza nakala ya mwalimu, na wao wajaze zao. Nakala yako ya msichana huenda ikawa safi kabisa, yake isiwe.

Ukikaa naye faragha, muulize: "Ukinywa, inakusaidia nini?" Akijibu "nipate usingizi" au "nisahau", muulize waziwazi kama kuna anayemuumiza, na kama amewaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali lolote kati ya hayo, asibaki peke yake. Mfikishe kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Usiite wazazi kabla hujajua kama maumivu yanatoka nyumbani.

Mvulana naye, tafadhali, msimsimamishe masomo. Mkimsimamisha msimu huu, mtakuwa mnampeleka mikoroshoni kutwa nzima. Akikuambia kuwa asipokunywa asubuhi mikono hutetemeka na jasho humtoka, aende hospitali kwanza kabla ya kuambiwa aache ghafla.