Mbwa anatii ndani ila nje msimu huu wa majani kupukutika anakuwa kiziwi: majibu yangu

Mkuu umesema mbwa wako wa miezi 10 ndani ya nyumba ukimwambia kaa anakaa, ukimwita anakuja mbio, ila tangu majani yaanze kudondoka mkitoka tu nje ni kama hakujui. Hajasahau kitu na wala hakudharau. Yamemkuta mawili kwa mpigo, kwanza umri, maana kuanzia miezi 6 hivi mpaka mwaka na nusu mbwa yupo ujanani na masikio yanapotea (wale wa miili mikubwa wanachelewa zaidi kutulia), pili ni msimu wenyewe. Hewa ikipoa na ardhi ikiwa na unyevu harufu inakaa chini muda mrefu kuliko kwenye jua kali, kindi wanahangaika kufukia akiba yao, kulungu madume wanatafuta majike na kuacha harufu kila kona, alafu na wewe umesimama pale njoo, njoo, njoo, njoo. Aje kufanya nini?

Wangu ni beagle, aina ya mbwa wa kuwinda kwa kunusa, kwahiyo pua kwanza akili baadaye, na kilichonisaidia ni kuacha kugombana na pua yake. Watu wengi wanashauri uongeze nyama tamu zaidi mfukoni, sio vibaya, kuku wa kuchemsha au maini yanafanya kazi kuliko biskuti kavu, ila mbele ya shimo la kindi hata maini yanashindwa. Hapo malipo ni lile shimo lenyewe. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, David Premack, alilieleza hili mwaka 1959, kwamba kitu mnyama anachokipenda sana unaweza kukitumia kumlipa kwa kufanya kile asichokipenda sana. Yani anavuta kuelekea kwenye rundo la majani, unasimama, huongei, humvuti. Atakaa anavuta wee, mwisho atageuka akutazame kuona mbona hatuendi, sekunde hiyohiyo unasema haya nenda na unaenda nae mpaka kwenye rundo anuse mpaka achoke. Baada ya muda anaanza kukutazama mwenyewe kabla hajavuta, hapo ndo unaongezea kaa kwanza, alafu nenda. Kwa maoni yangu zoezi hili moja linazidi madarasa mengi ya kuzungushana uwanjani.

Kuhusu kuja akiitwa, tafadhali usimfungue bado. Tafuta kamba ndefu ya mita 5 mpaka 10, ifunge kwenye mkanda wa kifuani sio kwenye kola, kwasababu akichomoka mbio na kamba ikafika mwisho ghafla shingo inaumia. Usijizungushie mkononi pia, ukivutwa vidole vinaenda. Iache iburuzike chini, ukiona anaanza kuondoka unaikanyaga tu. Mwite mara moja, akija lipa vizuri alafu MRUDISHE akaendelee kunusa. Hii watu hawaifanyi, wanamwita mbwa pale tu wanapotaka kuondoka, basi mbwa anajua njoo maana yake starehe imeisha, na mimi ningekuwa mbwa nisingekuja.

Kingine, usipandishe ugumu pande zote kwa wakati mmoja. Kuna umbali, kuna muda, na kuna vishawishi. Kama leo kuna upepo majani yanaruka na watoto wanakimbia, basi kaa ya sekunde tatu ukiwa hatua moja tu kutoka kwake inatosha, usianze kurudi nyuma mita 20 uone kama atabaki. Siku pametulia ndo unaongeza umbali. Na mazoezi yawe ya dakika chache yaliyotawanyika ndani ya matembezi, sio nusu saa ya amri mfululizo, kijana huyo atakuchoka.

Amri ambayo mimi naiona ndo muhimu kuliko zote msimu huu ni acha. Chini ya hayo majani kuna uyoga, na baadhi ya uyoga unaua kabisa, aina kama Amanita phalloides inaharibu ini, na mbwa anaweza kuonekana mzima kwa masaa kabla mambo hayajaharibika. Mbegu za mwaloni nazo zina sumu kwa mbwa, matunda yaliyodondoka na kuoza yanachacha na kutengeneza pombe, bado vioo na mifupa. Anza nyumbani na chakula ndani ya ngumi, akiacha kuhangaika na ngumi unampa kitu kingine kwa mkono wa pili, sio kile kilichokuwa ndani ya ngumi, maana unataka ajue kilichokatazwa hakipatikani hata akisubiri. Nje mpeleke kwenye kitu cha kawaida kwanza, kijiti tu, kabla hujakutana na mzoga. Na akishameza uyoga usikae kusubiri uone itakuaje, chukua kipande kilichobaki au piga picha, moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.

Mengine ni ya haraka. Giza linaingia mapema kwahiyo mtie taa kwenye kola, na kama mnatembea msituni kipindi cha uwindaji nyie wote wawili vaeni rangi ya chungwa inayowaka. Mkirudi mkague kupe, watu wanadhani baridi ikianza kupe wameisha, hapana, kuna aina zinatembea vizuri tu ilimradi hakujaganda, angalia masikio, kwapa na katikati ya vidole.

Swali langu kwako, mkiwa nje ukimpa nyama anaila au anaitema? Kama anaila ila haji, fanya hayo niliyoandika. Ila kama hata kuku hamtaki basi eneo limemzidi, amepagawa au ana hofu, na hapo hakuna amri itakayoingia, rudi nyuma sehemu yenye utulivu kwanza hata kama ni mlangoni tu kwako. Jibu hapa tuendelee.