Maharage yapikwe mara moja

Mdogo wangu, umesema mko wawili hapo Dar, mna shilingi 35,000 za chakula kwa wiki, na ikifika Alhamisi mfuko mtupu. Anza na maharage. Jumamosi usiku loweka nusu kilo, asubuhi mwaga maji yale, chemsha mpaka yaive vizuri, kisha gawa mafungu mawili: moja unga kwa nazi siku hiyohiyo, jingine weka kwenye friza. Kama hamna friza, chemsha robo tu, kwa joto hili yanachacha upesi. Dagaa wa Mwanza watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto, wakaange na nyanya na kitunguu, kamulia ndimu. Unga chukueni dona. Mchicha uoshe kabla ya kuukata. Nyama iwe Jumapili. Chipsi za jioni acheni kwanza, nahisi ndizo zinazowamaliza.