Khati ni zetu pia, wanaokosekana ni waandishi

Swali la wiki iliyopita lilikuwa: khati za Kiarabu, yaani sanaa ya kuandika herufi zake kwa uzuri na kipimo, ni urithi wa Waarabu peke yao, au na sisi watu wa pwani tuna fungu letu? Fungu tunalo, na ni la zamani sana. Kinachonikera ni kuona tunalidai kwa mdomo huku mikono yetu imeshaacha kuandika.

Anayesema khati ni pambo la wageni aende Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Ndani ya msikiti ule mdogo, upande wa kibla, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa khati, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, nayo yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Sogea uyatazame vizuri. Ncha za alif na lam zinachipua majani na vikonyo, vikajaza nafasi yote iliyobaki juu ya mstari, hata asiyezoea hajui herufi imeishia wapi na ua limeanzia wapi. Wataalamu wameyafananisha na maandishi ya Siraf, bandari ya kale ya Uajemi. Sawa, mtindo ulivuka bahari. Lakini uliganda huku, kwenye jiwe la huku, na maandishi yenyewe yamedumu kwa zaidi ya miaka 900.

Halafu kuna Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya. Karne ya 18 na ya 19 mji ule ulikuwa na mafundi wa kunakili misahafu: wino mweusi, nakshi nyekundu na za manjano, karatasi ya kuagizwa kutoka Ulaya. Mmoja wa misahafu hiyo sasa uko London, kwenye maktaba ya Royal Asiatic Society. Nakshi zake mimi hunikumbusha fremu za milango ya Lamu, na sidhani ni bahati tu.

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza khati za Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya nchi 16. Oman imo, Sudani imo. Kenya na Tanzania hazimo. Wako watakaolalamika, ila mimi sioni njama hapo: anayeandikwa ni yule aliyepeleka maombi. Na sisi tungepeleka nini? Picha za mawe tunazo. Lakini wangetuuliza nani anamfundisha nani, tungejibuje?

Maana khati ni kazi ya kipimo, na kipimo hurithishwa mkono kwa mkono. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayetajwa kuwa alizipa herufi uwiano wake: unachovya kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari, unaiweka nukta moja ya pembe nne, kisha nukta hiyo ndiyo inakuwa rula ya herufi zote. Katika thuluthi, mmoja wa mitindo ya khati, alif huhesabiwa nukta 7. (Masikini waziri mwenyewe alikatwa mkono kwa fitina za siasa, na wanahistoria wanasimulia kuwa aliendelea kuandika kwa kufungiwa kalamu kwenye kigutu.) Mwanafunzi hurudia herufi moja moja mbele ya ustadhi, miaka na miaka, mpaka apewe ijaza, idhini ya ustadhi wake, na hapo ndipo huruhusiwa kutia jina lake chini ya kazi.

Huku kwetu jicho la namna hiyo nimeliona zaidi kwenye kombe, aya za Qur'ani zinazoandikwa sahanini kwa ajili ya tiba. Tuwaachie masheikh mjadala wa wanaolipinga. Mimi natazama mwandiko. Zaafarani imerowekwa kwenye marashi, sahani nyeupe, aya inazungushwa kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Maandishi yale yataoshwa na kunywewa muda si mrefu, lakini maalim mzee hakubali mkia wa wau uguse mstari wa chini yake. Vijana siku hizi wanatumia rangi ya chakula na wanaandika haraka haraka.

Mkiniambia fonti za kompyuta zipo, nitawaonyesha bango la maulidi lililotundikwa mtaani kwetu mwaka jana. Programu ya mchapaji haikujua Kiarabu, basi Bismillahi ikatoka herufi zimeachana, tena zimepangwa kutoka kushoto. Bango la mita tatu! Lilining'inia siku nzima, na watu wazima waliohitimu chuo cha Qur'ani walipita chini yake wakisalimiana. Aliyelishtukia ni mwalimu mmoja wa chuo. Aliomba karatasi, akaiandika upya kwa kalamu ya felti, mchapaji akaipiga picha kwa simu na kuchapa bango jingine.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka maombi popote, naomba vyuo vyetu vitenge saa moja kwa wiki kwa ajili ya khati. Mwanzi haununuliwi, na walimu wachache wenye mwandiko wa kufundishia bado wapo, japo wengi wao ni watu wazima sana.