Kulea si kuasili: kwa mkalimani mpya wa mahakama za Marekani

Nilipoanza ukalimani nilimtafsiria mama mmoja karatasi ya ridhaa ya mwanawe kuasiliwa hivi: "Unakubali hawa wamlee mwanao." Akaitikia mara moja. Kwani kuna ajabu gani? Kwetu mtoto hulelewa na shangazi au bibi miaka kumi na bado ni mwana wa mamaye. Wakili ndiye aliyeshtuka kwa wepesi ule, akaniomba nirudie. Niliposema, "Kisheria hutakuwa mama yake tena," aliiweka kalamu mezani na hakuigusa tena siku ile.

Kwa hiyo "kulea" usilitumie hapo kabisa. Sema kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria. Ukiona mteja kalipokea kwa maana ya kulea, usianze kumfundisha sheria, maana hiyo si kazi yako na utafukuzwa ukiizoea. Omba ruhusa, useme wazi kwamba mkalimani anaona neno hili halijaeleweka. Mwenye kueleza ataeleza, nawe utatafsiri.

Jambo la pili, uliza jimbo kabla hujafungua kamusi. Marekani haina sheria moja ya kuasili. Massachusetts ilitunga yake mwaka 1851, na mengine yakafuata kila moja kwa njia yake. Kansas mama anaweza kutia saini ridhaa saa 12 baada ya kujifungua, Texas saa 48, Massachusetts angojee siku ya nne. Saa 12! Mtu hata uji hajanywa akashiba.

Kinachowaponza wageni zaidi ni kubatilisha. New York, ridhaa iliyotolewa mbele ya jaji haibatiliki. Ikitiwa saini nje ya mahakama, mzazi ana siku 45 za kutuma taarifa ya kuibatilisha, na hata hapo, wanaomwasili mtoto wakipinga, jaji ndiye huamua aende kwa nani. Sasa fikiria umeruka maneno "mbele ya jaji" kwa sababu sentensi ilikuwa ndefu. Mimi nayaandika maneno ya namna hiyo pembeni ya daftari kabla ya kikao.

Mtoto naye huulizwa kama anakubali: California akishafika miaka 12, New York akizidi 14, ingawa huko jaji anaweza kuamua vinginevyo. Watoto wengi nilioketi nao ni wa familia za wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili chao si cha Dar. Ongea na mtoto kidogo kwanza, usikie anavyotamka, ndipo kikao kianze.

Kuhusu kumbukumbu: baada ya hukumu hutolewa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi walioasili, na kile cha kwanza hufungiwa, kisionwe ovyo. Kansas na Alaska hazikuwahi kumfungia mtu mzima aliyeasiliwa cheti chake cha kwanza. New York ilifungua tarehe 15 Januari 2020 kwa aliyetimiza miaka 18. Louisiana ilifungua 2022, ila anayeomba awe na miaka 24. California bado inadai amri ya mahakama.

Mteja akikuambia "nimekulia Texas", hiyo haitoshi kujaza fomu ya kuomba kumbukumbu hizo. Cheti cha kwanza kipo katika jimbo alikozaliwa, lakini jalada la kesi lipo katika mahakama iliyotoa hukumu, na mara nyingine hayo ni majimbo mawili yenye masharti tofauti na fomu mbili za kutafsiri.