Storeji inapandishwa famwea, seva za Linux nizizime au niziache?

Mkuu umeuliza kama uzime seva zote usiku wa kazi au umsikilize fundi wa venda anayesema famwea (programu ya ndani inayoendesha storeji) inapanda bila kukata huduma. Mi kazi hizi nazifanya hapa Dar, seva rum yetu iko Posta, na jibu langu ni usizime, ila usikubali tarehe yoyote kabla hujazijaribu hizo seva mwenyewe.

Fundi hakudanganyi. Storeji ina kontrola mbili (vichwa vinavyoiendesha, tuziite A na B), moja inapandishwa inajizima na kuwaka huku nyingine imebeba mzigo wote, halafu zinapokezana. Sasa hiyo "haikati" ni kweli iwapo tu seva zako zina njia ya kufika kontrola zote mbili na zinajua kuhama, na hapo venda hahusiki, storeji ikiwaka vizuri anakusainisha fomu huyo anasepa.

Piga multipath -ll (amri inayoonyesha njia za seva kufika storeji) kwenye kila seva, hata ile ya ripoti iliyosahaulika pembeni. Storeji ikiwa ya ALUA (kila diski ina kontrola inayopendelewa, nyingine ya akiba) unatakiwa uone makundi mawili ya njia, moja prio (kipaumbele) yake kubwa (mara nyingi 50) na lingine ndogo (10). Ukiona kundi moja tu shtuka, inawezekana kebo zote zimeingia kontrola moja. Hii nimekutana nayo mara nyingi aisee, njia zote nne active zinapendeza kabisa kumbe zote zinaenda A, siku A ikizimwa seva haina pa kwenda. Njia zilizoandikwa faulty (mbovu) nazo usiziache eti zitarudi zenyewe.

Halafu no_path_retry kwenye konfigi ya multipath, yaani seva isubiri kiasi gani njia zote zikipotea. Hapa ndo watu wanaumia. Ukiweka fail, njia zote zikipotea hata sekunde chache programu inarushiwa kosa hapo hapo, mfumo wa faili ukiwa ext4 unaweza kugeuka wa kusoma tu, XFS unajifunga, database chali. Ukiweka queue inasubiri milele, storeji isiporudi una maprosesi yamekwama kwenye D (hali ya kusubiri diski) na hata kuyaua kwa kill -9 haisaidii kitu. Mi naweka namba: polling_interval (sekunde kati ya ukaguzi mmoja wa njia na mwingine) ikiwa 5 na no_path_retry 12 unapata kama sekunde 60 za kusubiri, ila cheki kwanza mwongozo wa storeji yako maana venda wengi wana konfigi yao. Ukishabadili thibitisha kwa multipathd show config, na kama seva inabuti kutoka kwenye storeji tengeneza upya initramfs, yaani faili la kuanzia kubuti (dracut -f kwa Red Hat, update-initramfs -u kwa Ubuntu), la sivyo ikiwaka inarudi na konfigi ya zamani.

Wa iSCSI (storeji kupitia mtandao wa IP), replacement_timeout, yaani muda wa kusubiri sesheni iliyokatika irudi, ya kawaida ni sekunde 120, ndefu mno ukiwa na multipath, watu wanashusha sana. Na kubadili iscsid.conf peke yake hakugusi rekodi zilizopo, lazima uzi-update na iscsiadm kisha sesheni ziingie upya. Kama una klasta ya Pacemaker (seva zinazosaidiana) yenye SBD, inayoua seva ikipoteza diski, angalia muda wa watchdog (saa inayoiributi seva) usiwe mfupi kuliko muda multipath inaotumia kuhama, maana seva itajiributi yenyewe katikati ya kazi na lawama zitaenda kwa famwea.

Jaribio lenyewe sasa: wiki moja kabla, saa za utulivu, funga poti za kontrola A kwenye swichi, acha seva ziandike, angalia dmesg (logi za kernel) na multipath -ll, fungua, subiri njia zote zirudi active, rudia na B. Hapo hapo utajua kama kontrola moja inamudu mzigo wote, manake kama kila moja inakaa asilimia 60 kila siku hesabu imeshakataa.

Usiku wenyewe simamisha bakapu na kron nzito, hakikisha bakapu ya mwisho imewahi kurestoriwa kweli, na mwambie fundi asiguse kontrola ya pili mpaka umwambie njia zimerudi, maana storeji nyingine zinaendelea zenyewe usipoomba kisitishwe. Umeme nao uulizie, jenereta iwe na dizeli, Tanesco hawajui una ratiba. Epuka wiki ya mishahara na zile siku za kukaribia tarehe 20 wahasibu wanapohangaika na ritani za VAT.

Tupia hapa multipath -ll ya seva ya database na aina ya storeji tuyaangalie hayo makundi.