Mbona treni yangu inachoka upande wa pili wa meza?

SWALI: Fundi, habari za Kisumu? Mimi na binti yangu tumejenga reli ya mfano juu ya shiti moja la plaiwudi, futi 8 kwa 4. Ni saizi ya HO, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi: mzunguko mmoja mrefu, pointi mbili (pale treni inapobadili njia) na njia ya kando ya stesheni. Kwa kuwa stima hupotea mara kwa mara, tunatumia betri ya sola ya volti 12 kupitia kidhibiti mwendo cha mota, na nyaya mbili zinaingia relini upande wa stesheni. Wiki ya kwanza treni ilikimbia vizuri. Kisha tukamwaga mchanga kati ya mataruma na kuushika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Tangu hapo treni inachoka ikifika upande wa pili, na kwenye pointi inasimama mpaka niisukume kwa kidole. Nimepima kwa mita kila mahali na ni volti 12 na ushei, mbele na nyuma. Je, mota imekufa? Pia tungependa kuinua njia ifanane na mlima wa Mau. Inawezekana? — Msomaji, Lanet, Nakuru.

JIBU: Ndugu yangu, mota yako ni nzima. Mota mbovu huchoka kila mahali, haichagui upande wa meza. Lakini kabla ya hayo kuna jambo nimeliona katika barua yako ambalo hukuliuliza. Hukutaja fyuzi.

Betri ya sola si kama adapta ndogo ya ruta. Adapta ikipigwa shoti hujizima au hufa peke yake. Betri haijui kujizima. Itamwaga makumi ya ampea mpaka kitu kiyeyuke. Na kwenye reli ya mfano shoti ni jambo la kila siku, maana behewa likiacha reli na gurudumu la chuma likalala kugusa reli zote mbili, basi hiyo ni shoti. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilitumia betri ya pikipiki bila fyuzi, nikaitwa mlangoni kidogo. Niliporudi mataruma matatu ya plastiki yalikuwa yamelainika kama nta, na nyumba ilinuka hadi kesho yake. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Injini moja ya HO hutumia nusu ampea au chini ya hapo, kwa hiyo fyuzi hiyo haitakusumbua. Msiwashe tena kabla ya kuiweka.

Sasa turudi kwenye uchovu. Mita yako haikudanganya, ila uliiuliza swali lisilofaa. Mita haivuti umeme wa maana, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea njiani. Hata kiungo kilichoshikana kwa unywele kitaonyesha volti 12. Ni kama bomba lenye uchafu ndani: ukilifunga mbele, presha ni ileile kote, ukilifungua ndipo unaona maji yanatoka kama uzi. Kwa hiyo lazima upime mzigo ukiwa unavuta.

Mzigo mzuri ni balbu ya indiketa ya pikipiki, volti 12 wati 10, inayouzwa duka lolote la vipuri. Inavuta takriban ampea 0.8, zaidi kidogo ya injini yako. Ilehemu nyaya mbili fupi. Ondoa treni relini, fungulia kidhibiti hadi mwisho (katikati hukata umeme vipande vipande na mita hukupa wastani tu), kisha gusisha balbu kwenye reli upande wa stesheni na upime volti ikiwa inawaka. Hamia upande wa pili, fanya vilevile. Tofauti ya hadi nusu volti haina neno. Ukikuta volti 2 au 3 zimepotea, na nadhani ndivyo itakavyokuwa, ndiyo siri ya uchovu wako.

Zimepotelea wapi? Acha balbu ikiwaka kule mbali. Weka ncha moja ya mita upande mmoja wa kiungo na ncha ya pili upande wa pili wa kiungo hichohicho, zote mbili juu ya reli ileile. Watu wengi hukosea hapa, wanapima reli kwa reli. Kiungo kizuri kitasoma sehemu ndogo sana ya volti, karibu na sifuri. Kibovu kitasoma volti nzima au zaidi. Zunguka meza yote ukiweka alama ya chaki. Mshukiwa wangu wa kwanza ni ile gundi. Ilikuwa nyepesi kama maji, ikanyonywa ndani ya vibati vinavyounganisha vipande vya reli, ikakauka humo. Gundi ya mbao haipitishi umeme. Ndiyo maana wiki ya kwanza haikuwa na shida.

Usihangaike kukwangua kila kibati. Hata ukivisafisha vyote, vibati hulegea na kushika kutu ya juujuu mwaka hadi mwaka. Dawa ya kudumu ni kupitisha nyaya mbili chini ya meza, waya wa 1.5 mm ule wa taa za nyumba, nyekundu na nyeusi, zikizunguka kufuata reli. Pembeni mwa kila kipande cha reli toboa tundu mezani, ushushe vijiwaya viwili na kuviunganisha na nyaya zile kubwa. Waya huo wa shaba hupoteza kama 0.012 omu kwa mita, kwa hiyo mita 6 za kwenda na kurudi, kwa ampea 1, zitakula chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Nyekundu iende reli ya nje daima, nyeusi ya ndani. Kila baada ya kulehemu jozi moja, betri ikiwa imetolewa na treni haipo mezani, weka mita kwenye mlio na uguse reli zote mbili. Ikilia, umekosea waya wa mwisho uliounganisha, si wa juzi. Ukingoja umalize yote ndipo upime, utatafuta kosa hilo hadi usiku wa manane.

Unapolehemu, kwangua ubavu wa reli ung'ae, paka risasi kwanza kwenye waya, kisha gusa sekunde mbili tatu tu. Kitambaa kibichi kila upande kitaokoa mataruma. Tumia risasi ya elektroniki yenye utomvu ndani. Ile asidi ya mafundi wa mabati itakula reli polepole.

Kuhusu pointi: sehemu ile ya katikati reli zinapokatana, katika pointi nyingi za bei nafuu, ni plastiki. Gurudumu likipita pale halipati umeme, na injini fupi yenye magurudumu machache ya kuchota umeme husimama. Wiki ya kwanza ilipita kwa sababu magurudumu mengine yalikuwa yanapata volti za kutosha. Sasa angalia gundi kwenye ndimi zinazosogea, ing'oe kwa kijiti cha meno, kisha safisha reli na magurudumu kwa ile spiriti ya isopropili ambayo mafundi wa simu husafishia bodi. Msasa hapana, mikwaruzo yake huhifadhi uchafu. Wewe uko Nakuru, mji ambao jina lake husemwa linatokana na neno la Kimaasai la vumbi, basi usafi huu uwe wa kila wiki.

Na mchanga huo mliuokota wapi? Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni juu ya uliobaki. Ukiona ndevu nyeusi zimeshika, kuna chembe za chuma, na sumaku ya mota itazinyonya ndani. Kama zipo, fyonza mchanga uliolegea mezani haraka.

Mlima wa Mau sasa. Injini ndogo yenye mabehewa manne matano hupanda vizuri sentimita 2 kwa kila mita. Ili njia ipite juu ya nyingine unahitaji kama sentimita 7, yaani mita 3.5 za kupanda na nyingine 3.5 za kushuka. Mzunguko wako hauwezi kuzidi mita 6 kwenye shiti hilo. Hesabu inakataa. Badala ya kuinua reli, shusha ardhi: kata plaiwudi mbele ya meza, chimba bonde la karatasi na gundi, na reli ipite juu yake ikiwa sawasawa kwenye daraja la nguzo, kama yale ya upande wa Londiani. Jicho litaona mlima, injini haitajua.

Ila mwambie binti yako ukweli mmoja. Upana kati ya reli zenu za HO ni milimita 16.5, na hizo mara 87 ni kama 1,435, upana wa reli mpya ya SGR. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ni ya mita moja, ambayo kwa kipimo hicho ingekuwa milimita 11.5. Akija mzee aliyestaafu relini na rula mfukoni, mfunikieni meza.